Barua ya wazi kwa mnaoshika mageti ya Bwawa la Julius Nyerere: tupeni ratiba ya maji

Kwenu waheshimiwa,
Wote wenye dhamana ya kuendesha na kulinda Bwawa la Julius Nyerere, kuanzia mnaokaa ofisi kubwa mpaka mlioko zamu usiku huu kule ukutani.

YAH: KANUNI ZA KUFUNGULIA MAJI NA USALAMA WETU TUNAOISHI CHINI YA BWAWA

Waheshimiwa shikamooni, na wale ambao ni wadogo zangu poleni na kazi.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa bondeni Rufiji, nalima mpunga, nalima mlau (kilimo cha maji yakishashuka), na maji yakijaa navua. Naandika hadharani kwa sababu njia ya ofisini tumeshaipita mpaka tumechoka, barua zimepelekwa zikagongwa muhuri wa kupokelewa, ukifuatilia unaambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko kwenye semina, ukirudi unaambiwa mkubwa kahamishwa njoo wiki ijayo. Sitaji ofisi wala mtu maana sitaki hii barua igeuke umbea. Nataka majibu tu.

Na kabla hamjaniita mpinga maendeleo naomba tuwekane sawa mapema. Silipingi bwawa. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 tuliuonja wote, welding ilisimama, samaki waliharibika kwenye mafriji, saluni zilifungwa. Mradi uliosainiwa Desemba 2018 kwa shilingi trilioni 6.5 na ushee, ukuta wa zege wa kimo cha mita 131 na urefu wa zaidi ya kilomita moja, mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, ni kazi ya kujivunia na Watanzania wengi walifanya vibarua pale. Mzee Nyerere aliuota, Magufuli akaweka jiwe la msingi Julai 2019, Mama Samia akaanza kulijaza tarehe 22 Desemba 2022, mashine ya kwanza ikawaka Februari 2024 na zote 9 zikakamilika 2025. Hongereni, nasema kwa moyo mweupe.

Ila sasa kuna jambo moja nadhani huko juu hamlioni kama tunavyoliona sisi huku chini. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu zote zinakutana juu ya ukuta wenu, na kutoka ukutani mpaka baharini hakuna mto mwingine mkubwa unaoingia Rufiji. Kwa hiyo maji yanayopita Mloka, yanayopita Utete, yanayopita chini ya daraja la Mkapa, karibu yote yamepita kwanza mikononi mwenu, ama kwenye mashine ama kwenye mageti. Zamani mto ukifurika tulikuwa tunamwachia Mungu. Siku hizi kuna mtu kaamua geti lifunguliwe kiasi gani na saa ngapi, na mimi sina shida na mtu huyo kuamua, shida yangu ni kwamba anaamua kwa kanuni ambazo sisi hatujawahi kuonyeshwa. Hapo ndo chanzo cha haya yote nayoandika.

1. Hili bwawa ni la umeme au la kuzuia mafuriko?

Tangu mwanzo tumeambiwa ni la kila kitu, umeme, kuzuia mafuriko, umwagiliaji, uvuvi, utalii. Sawa. Lakini hata mtu ambaye hakusoma uinjinia anajua hizi kazi mbili za kwanza zinagombana. Umeme unataka bwawa lijae muda wote, kwa sababu maji yakiwa juu ndo yanashuka na nguvu zaidi kwenye mashine. Kuzuia mafuriko kunataka bwawa liwe na nafasi tupu masika inapoanza, ili maji ya Kilombero yakija kwa fujo yapate pa kukaa. Ndoo iliyojaa haipokei maji. Sasa nyie mmechagua kuacha nafasi kiasi gani, na kuanzia mwezi gani?

Naambiwa kina cha juu kabisa ni mita 184 juu ya usawa wa bahari na cha chini cha kuendeshea mashine ni 163. Kati ya hizo namba mbili kuna maji mengi ajabu, ziwa lenyewe lina uwezo wa zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 na urefu wake kama kilomita 100. Mwenzangu mmoja kanichekesha akasema na ziwa kubwa hivyo haliwezi kukosa nafasi. Linakosa bwana! Masika ya 2024 ilikuta bwawa limeshajaa, mashine zilizokuwa zinafanya kazi ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na zikabaki vidole, mvua za El Nino zinamwagika, sasa maji yapite wapi kama siyo kwenye mageti? Yalikuja. Mohoro yaliingia mpaka majumbani, watu walitembea kwa mitumbwi walikokuwa wanapita kwa bodaboda, mpunga ukazama, Chumbi wakapokea ndugu zao na magodoro kichwani.

Najua hapa mtanijibu nini, maana serikali ilishasema wakati ule kwamba mafuriko ni ya mvua siyo ya bwawa, na kwamba bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Inawezekana kabisa ikawa kweli! Sibishi. Rufiji ilifurika 1968, ilifurika 1974, ilifurika mwaka wa El Nino ya 1998, ilifurika 2020, na hakuna mwaka hata mmoja kati ya hiyo ambapo bwawa lilikuwepo. Ila kama ni kweli basi ni rahisi kulionyesha. Maji yaliyoingia bwawani siku fulani kiasi hiki, yaliyotoka kiasi hiki. Weka kwenye karatasi, siku kwa siku, kuanzia Januari mpaka Juni 2024. Mkionyesha kwamba yaliyotoka ni machache kuliko yaliyoingia mimi mwenyewe nitapita na hiyo karatasi kijiji kwa kijiji kuwasafisha. Bila hiyo karatasi tunabaki kubishana vijiweni, huyu anasema mmetumwagia makusudi, yule anasema mmetuokoa, na wote wawili hawana namba.

2. Maji yakifunguliwa, yanafika kwangu saa ngapi?

Hili ni swali dogo sana na ndo linalookoa maisha. Mkifungua geti saa kumi na mbili jioni, maji yanafika Mloka saa ngapi, yanafika Utete lini, Mohoro lini, kule Mbwera na vijiji vya delta, mto unapomwagika baharini, lini? Mahesabu haya wataalam wenu wanayo, hawezi mtu akajenga ukuta kama ule bila kuyapiga. Sisi hatuna. Tangazo likija linasema wananchi wanaoishi mabondeni wachukue tahadhari. Tahadhari ipi sasa? Nivune mpunga mbichi leo usiku au nina siku tatu? Nihamishe mama mzee kwanza au mbegu? "Chukueni tahadhari" bila saa na bila kimo cha maji inamlinda aliyelitoa tangazo, mimi huku hainisaidii kitu.

Na msidhani ni mafuriko tu. Mashine zinafuata matumizi ya umeme, jioni watu Dar wakiwasha kila kitu maji yanatoka mengi, usiku wa manane matumizi yakishuka maji yanapungua. Mto wetu sasa unaweza kupanda na kushuka ndani ya siku moja bila hata wingu angani. Kuna watoto wanavuka kwa mtumbwi kwenda shule, kuna kina mama wanachota na kufua pembeni, na mamba wa Rufiji hawahitaji utambulisho. Kibao kwenye kila kivuko kinachosema maji hupanda saa fulani mpaka saa fulani kinagharimu shilingi ngapi kwenye mradi wa trilioni sita?

Wenzetu Kenya kwenye Mto Tana, bwawa la Masinga likikaribia kujaa, ile mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, taarifa inatoka na namba, watu wa Garissa na Tana River wanajua limebaki kiasi gani. Sisemi wana raha, mwaka huo huo wa 2024 nao walilia. Ila anayelia akiwa ameshatoa vitu ndani na anayelia vikiwa vinaelea hawafanani.

Nakumbuka wakati mnalijaza tulikuwa tunatangaziwa kina kila kiongozi akitembelea, mita zimefika ngapi, zimebaki ngapi, tena kwa furaha. Ile ile namba ndo naiomba, kila wiki, na masika kila siku.

3. Mlau

Hapa naomba mnisikilize taratibu kwa sababu hili halimo kwenye hotuba.

Kwa wasiojua, sisi Rufiji tunalima mara mbili kwa mto ule ule. Mpunga unapandwa mvua za mwanzo, unatakiwa uwe umeshakuwa mrefu kabla maji hayajapanda, maji yakija pole pole unapanda nayo, yakija kwa ghafla unazama na imeisha hiyo. Halafu maji yakishashuka, kuanzia mwezi wa tano wa sita, udongo mpya umeachwa juu ya shamba na unyevu umo ndani, tunapanda mahindi, kunde, mboga, bila mbolea bila pampu. Huo ndo mlau. Mwaka ambao mpunga umezama mlau ndo unaolisha watu. Na maji hayo hayo yakipanda yanajaza maziwa yetu ya pembeni, Utunge, Uba, Ruwe, Zumbi na mengine, samaki wanaingia kuzaliana, maji yakirudi sisi tunavua.

Kwa hiyo mtu akija akaniambia bwawa litamaliza mafuriko kabisa mimi sishangilii, naogopa. Mafuriko makubwa ya ghafla yanaua. Kukosa mafuriko kabisa nako kunaua, ila kwa njaa, miaka mitano mbele, na hakuna kamera itakayokuja kupiga picha. Tunachohitaji ni maji ya wastani, kwa wakati wake, yakae wiki kadhaa yashuke. Na bwawa kwa bahati nzuri linaweza kulifanya hilo vizuri kuliko mto wenyewe, mkitaka! Jambo hili siyo geni Afrika. Itezhi-Tezhi kule Zambia, kwenye Mto Kafue, ilijengwa miaka ya 1970 na maji ya ziada yaliyotengwa kwa ajili ya kufunguliwa kwenye mbuga za chini kila masika. Manantali ya Mali, iliyokamilika 1988, ilifunguliwa maji kwa makusudi ili wakulima wa Mto Senegal, kule Senegal na Mauritania, walime maji yakishuka, kilimo ambacho ni ndugu wa huu mlau wetu. Haikuwa kamilifu, umeme ulipoanza ugomvi wa maji ulikuja vile vile, lakini angalau wakulima walikuwa kwenye hesabu.

Sisi tumo kwenye hesabu? Kwenye kanuni zenu za uendeshaji kuna mstari unaosema mwezi wa nne yafunguliwe maji kiasi fulani kwa ajili ya bonde na delta? Kama upo tuonyesheni. Kama haupo tukae tuuandike, tunao wazee Utete na Mtanza wanaojua maji yakifika kwenye mti gani mlau utakuwa mzuri, na huo ni utaalam pia.

4. Ukuta

Sitaki kutisha watu. Ukuta ule ni wa zege la kushindilia, unasimama kwa uzito wake wenyewe, ni aina inayoaminika duniani. Mimi silali nikiota ukuta umepasuka. Nachouliza ni hiki: umeundwa kuhimili mafuriko ya ukubwa gani, na baada ya kuona masika ya 2024 hiyo hesabu imerudiwa au bado ni ile iliyopigwa kwa data za zamani? Tabia ya mvua imebadilika, hilo kila mtu anaimba. Mageti yana umeme wa akiba siku gridi ikizima? Agosti 2020 tetemeko la karibu 6 lilitikisa pwani yetu kutokea baharini, je vipimo vya mtikisiko na vya maji yanayovuja ndani ya ukuta vinasomwa na nani, na ripoti inakwenda wapi?

Halafu zile kuta za pembeni, zilizojengwa kuziba mabonde ya ukingoni ili maji yasitoroke kwa nyuma, nazo tusizisahau. Laos, Julai 2018, bwawa la Xe-Pian Xe-Namnoy, kilichoachia ni tuta la pembeni na ukuta mkuu ulibaki umesimama. Taarifa ilifika vijijini kwa kuchelewa, vijiji vikasombwa. Kila mtu anapiga selfie kwenye ukuta mkubwa, nani anakagua wale wadogo porini?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ina sehemu nzima ya usalama wa mabwawa, na kanuni zake zipo. Mpango wa dharura kama upo kabatini na mwenyekiti wa kijiji cha Mloka hajawahi kuuona basi kwetu sisi haupo.

5. Delta

Nitapita haraka maana watu wa delta watajisemea wenyewe. Bwawa linashika tope. Maji yanayotoka ni safi na yana njaa, yanakula kingo na kitanda cha mto, na huku mwisho mikoko inakosa udongo, maji chumvi yanapanda. Tunaongelea zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, kamba wanaouzwa mpaka nje, na eneo ambalo Tanzania yenyewe ililiandikisha kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2004. Nani anapima chumvi Nyamisati na Salale, na matokeo yanabandikwa wapi?

Sasa majibu ambayo nimeshayasikia, niyamalize hapa hapa ili tusipotezeane muda.

"Hameni mabondeni." Waheshimiwa, wazee wetu walishahama. Baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji, 1969 watu wakapandishwa juu kwenye vijiji vipya, vingi mnavipita barabarani leo. Nyumba zilipanda ila mashamba hayakupanda, udongo mzuri uko chini. Ndo maana mpaka leo mtu ana nyumba juu na dungu bondeni, msimu ukifika anashuka na familia kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Na kama mnasema tuhame kweli, basi leteni ramani, mstari upite wapi, maji ya kawaida yanafika hapa, mafuriko makubwa hapa, ukuta ukiachia hapa. Mtu hawezi kuhama kutoka kwenye mstari ambao haujachorwa.

"Hizi ni taarifa za usalama wa taifa." Michoro ya mageti sawa, siyataki. Lakini kina cha maji na saa ya kufungulia ni siri dhidi ya adui gani, kama mto wenyewe utaniambia masaa machache baadaye? Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, nadhani ilitungwa kwa watu kama sisi pia.

"Waachieni wataalam." Tumewaachia. Tunaomba tu wataalam waandike walichoamua.

Tunachoomba basi, kwa heshima zote: kanuni za kuendesha mageti zitolewe kwa Kiswahili, kurasa mbili tatu zinatosha, zikieleza bwawa linatakiwa liwe kwenye mita ngapi ifikapo tarehe 1 Machi na mageti yanafunguliwa likifika ngapi. Takwimu za kila siku za masika ya 2024, yaliyoingia na yaliyotoka. Ramani za mafuriko kila kijiji kuanzia Mloka mpaka baharini. Ving'ora kwa vijiji vya karibu, na kwa wengine meseji ya simu na spika ya msikiti, maana kuna sehemu mtandao ni wa kubahatisha, na zoezi la kujaribu lifanyike kiangazi watu wakiwa wametulia. Kamati ambayo ndani yake kuna wakulima na wavuvi wa bonde, wenye kura, wakikaa na nyie kabla ya kila masika kupanga maji ya mlau. Na ripoti ya ukaguzi wa usalama, ukuta mkuu na zile za pembeni, isomwe hadharani Utete na Kibiti kila mwaka, Dodoma peke yake haitoshi.

Masika inaanza Machi. Majibu yakija mwisho wa Januari tutapata Februari ya kujipanga, kupanda mapema sehemu za juu na kuandaa mitumbwi. Yakija Aprili yatatukuta kwenye maji. Kama hamtaki kujibu kwa maandishi njooni, mkutano wa hadhara tutauitisha wenyewe, viti vipo, na samaki wa Utunge tutawapikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mlau, bonde la Rufiji

Nakala:
Wabunge wetu, wasije wakasema hawakujua.
Madiwani wa kata zote za bondeni na delta.
Wenyeviti wa vijiji, tafadhali bandikeni ubaoni, na ikichanika bandikeni nyingine.